Hospitali Huanza Chini ya Mkarafuu

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, pesa huingia na mifupa huvunjika. Mkarafuu ni mrefu, tawi lake hukatika upesi, na mchumaji hufuata vishada hadi nchani. Akianguka, wa kwanza kumfikia ni mchumaji mwenziwe, ambaye kwa huruma humwinua akae, humpa maji, kisha humpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Ikiwa uti wa mgongo umeumia, huruma hiyo yaweza kumkosesha miguu maisha yake yote. Lakini tukizungumzia afya kisiwani, mazungumzo huanza na majengo: hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, kisha Chake Chake, Wete, Micheweni. Majengo tunayahitaji, wala sitaki kuyabeza. Ila wako watu waliolazimika kulifikiri suala la majeruhi kuliko sisi sote, nao ni wanajeshi, na hesabu yao haianzi na jengo.

Hapo kale majeruhi wa vita aliachwa alipoanguka mpaka mapigano yaishe. Daktari Mfaransa Dominique-Jean Larrey, mganga wa majeshi ya Napoleon, aliuvunja utaratibu huo kwa kupeleka mikokoteni myepesi ya farasi karibu na mapigano, na kwa kutibu kwanza aliyeumia zaidi, awe jenerali au askari wa kawaida. Majeshi ya leo yamelirefusha wazo hilo likawa mnyororo. Kiungo cha kwanza ni askari mwenyewe na aliye ubavuni mwake, kila mmoja na mkanda wa kubania damu mfukoni. Anafuata tabibu wa kikosi, kisha zahanati ya kambi, kisha hospitali ndogo yenye chumba cha upasuaji, kisha hospitali kubwa iliyo mbali na risasi. Kwa Tanzania, mwisho wa safari mara nyingi ni hospitali ya Lugalo, Dar es Salaam. Umoja wa Mataifa umeweka kipimo cha muda kwa walinda amani wake: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, tabibu mwenye vifaa vya kuokoa maisha ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Kwa nini haraka yote hiyo? Uchunguzi wa vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani vitani, kati ya 2001 na 2011, ulionyesha kwamba karibu asilimia 87 walikufa kabla ya kufika hospitali yoyote. Kati ya hao, takriban robo wangeweza kuokolewa, na karibu wote wa robo hiyo waliuawa na damu iliyowatoka. Yaani pale ambapo maisha yangeokolewa, daktari bingwa alikuwa bado hajamwona mgonjwa.

Mtu atasema: jeshi lina helikopta na fedha, sisi tuna bodaboda. Pingamizi hili ni zito, lakini historia hailikubali lote. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, dola ya Uingereza haikuwa maskini, na hata hivyo wapagazi wake katika Afrika Mashariki, wale walioliachia soko la Kariakoo jina lake, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Walibeba machela za wengine. Wao wenyewe hawakupangiwa nafasi ya kutosha katika mnyororo. Na tusiende mbali hivyo. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa. Askari 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ujumbe wao wa kulinda amani ulikuwa miongoni mwa mikubwa kuliko yote ya Umoja wa Mataifa, na hospitali ilikuwapo Goma. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuta kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa askari wale, na kwamba ndege na wahandisi walikosekana palipohitajika. Kwa hiyo fedha peke yake haimfikishi majeruhi popote, ikiwa haijaamuliwa mapema nani atamchukua na kwa njia ipi.

Pingamizi la pili linatoka kwa waganga wenyewe: raia asiyejua akifunga uzi mwembamba mkononi mwa mtu na kuusahau, atamharibia mkono. Kweli kabisa. Ndiyo maana askari hufundishwa kutumia mkanda mpana, kukaza mpaka damu isimame, na kuandika saa aliyofunga. Mafunzo hayo ni ya siku chache. Wachumaji hujulikana, msimu hujulikana, mashamba hujulikana. Vita gani hutoa taarifa mapema namna hiyo? Kumlaza mtu juu ya ubao, kichwa kikishikwa kisiyumbe, ni kazi ya watu wanne waliofundishwa na mlango uliong'olewa bawabani.

Kiungo kigumu zaidi ni bahari. Anayehitaji matibabu yanayopatikana hospitali ya Mnazi Mmoja tu hulazimika kuvuka kwenda Unguja, kwa ndege kutoka uwanja wa Karume au kwa boti kutoka Mkoani, na boti ina saa zake. Hapo ndipo fedha za serikali zinapohitajika kweli, na KMKM, kikosi maalumu cha Zanzibar cha kuzuia magendo, chenye wazamiaji na hospitali yake Kibweni, kina nafasi ambayo hakuna mwingine wa kuijaza. Hata hivyo, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba na watu kupita kiasi, wavuvi walikuwa miongoni mwa waokoaji wa mwanzo kuwatoa watu majini. Mpango wowote wa mkondo ule unaoanzia kwenye boti za kikosi na kuwaruka wavuvi, umeanzia katikati.