Jinamizi: Ni Nani Atukabaye Usiku?

Katika vijiji vyetu vya milima ya Usambara, hapa Mgwashi na kwingineko, ni wachache wasiojua habari za jinamizi. Mtu amelala chali, na nje ni ukungu na baridi. Mara anaamka. Macho yanaona boriti za nyumba, masikio yanasikia mbwa wa jirani, lakini mkono haunyanyuki wala mguu. Anataka kumwita mkewe, sauti haitoki. Kifua kinakuwa kizito kana kwamba amewekewa gunia la mahindi, na pembeni mwa chumba kimesimama kivuli cha mtu asiye na uso. Halafu ghafula yote yanakwisha, naye anabaki akitoka jasho.

Asubuhi swali huwa moja: Ni nani aliyenijia? Na swali hilo, ndugu wasomaji, lina hatari kuliko jinamizi lenyewe.

Kwanza tuone jambo hili linavyotokea. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chicago, Marekani, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba usingizi una vipindi ambapo macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope. Wakimwamsha wakati huo, mara nyingi alikuwa na ndoto ya kusimulia. Baadaye ikajulikana kwamba katika vipindi hivyo ubongo hulegeza mikono na miguu, tusije tukainuka na kuitenda ndoto yetu: kumpiga adui asiyekuwapo, au kukimbia na kuanguka kitandani. Macho huachwa yaendelee, na ule msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Vipindi hivi huja usiku kila baada ya dakika 90 hivi, na vya alfajiri ndivyo virefu zaidi.

Basi, jinamizi ni kuamka nusu. Akili imetangulia kuamka, lakini mwili bado umelegezwa, na ndoto haijakwisha. Mtu anataka kuvuta pumzi kwa nguvu, misuli ya kifua haitii, naye huona kama amekaliwa. Hofu inamwingia, na ubongo wenye hofu hutafuta adui, ndoto humletea. Hali hiyo hudumu nukta chache au dakika chache, kisha hupita yenyewe. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali mwaka 2011 waliona kwamba watu karibu 8 katika kila 100 wamepatwa nayo angalau mara moja maishani.

Mlangoni mwa usingizi yako mambo mengine ya namna hiyo. Mtu anaanza kusinzia, anajiona anaanguka gengeni, mguu unaruka, anashtuka. Mwingine husikia mshindo kama wa bunduki, na wenzake hawakusikia kitu. Mwingine huona mkono wake umevimba na kuwa mkubwa kama mgomba, au ukuta umekwenda mbali. Wengi husikia wakiitwa jina, na wazee wakatuonya tusiitikie. Hayo yote hutokea mtu akiwa kati ya kukesha na usingizi.

Kila watu humvika mgeni huyu nguo za kwao. Newfoundland, huko Kanada, husema ni bibi kizee anayekalia kifua. Pemba na Unguja walimwita Popobawa. Mwanzoni mwa mwaka 1995 habari zilienea Pemba kwamba kiumbe huyo huwaingilia watu usiku vitandani, akiwabana na kuwadhulumu. Hofu ikavuka hadi Unguja, kisha Dar es Salaam. Watu waliacha nyumba zao wakakaa nje makundi kwa makundi, wakiota moto na kukesha. Wako wataalamu wanaosema kwamba wengi wa waliokabwa walipatwa na jinamizi. Na hapa tuangalie: kukosa usingizi ni sababu mojawapo kubwa ya jinamizi. Anayekesha usiku wa leo kwa kuogopa kukabwa, anajitayarisha kukabwa kesho. Hofu huzaa jinamizi, na jinamizi huzaa hofu.

Tena hofu ile ilimwaga damu. Huko Unguja, mwaka ule ule, kijana mgonjwa wa akili aliyetoka bara kutafuta matibabu alikamatwa na kundi la watu. Walidhani ndiye Popobawa, wakamwua. Popobawa hakushikwa hata siku moja. Aliyeshikwa ni mgonjwa, mtoto wa watu.

Kwa hiyo yafaa tujihadhari na ndimi zetu. Aliyekabwa usiku amwonapo kivulini mama mkwe, au jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, asidhani amepata ushahidi. Ndoto huchukua sura zilizomo ndani ya moyo wetu. Uso wa jirani uliuleta wewe mwenyewe. Yeye alikuwa amelala kwake.

Nini cha kufanya? Lala kwa ubavu badala ya chali. Lala na kuamka kwa saa zile zile. Usiku epuka pombe, na chai nzito. Likikukaba, usishindane nalo: sali moyoni ukiweza, pumua polepole, ujaribu kutikisa kidole kimoja tu. Mwenzako akisikia unaguna, akuguse; mara nyingi hutosha.

Lakini si kila taabu ya usiku ni jinamizi. Mtoto mwenye homa kali anayeweweseka na kuona vitu, apelekwe hospitali upesi; huenda ni malaria iliyopanda kichwani. Anayekakamaa na kutetemeka, akauma ulimi au kukojoa, huenda ana kifafa, nacho kina dawa. Anayesinzia mchana kila mara, na magoti yakimlegea anapocheka, naye aonwe na daktari. Na sisi wa milimani tukumbuke jiko la mkaa. Kuliingiza chumbani na kufunga madirisha kwa ajili ya baridi ni kujiua: mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kuuma, kizunguzungu na viungo vizito, msimtafute mchawi. Fungueni milango, tokeni nje, mwende hospitali.

Siku mtu wa nyumbani kwako atakapoamka akitetemeka na kusema amekabwa, usimwulize amemwona nani. Mwulize amelala saa ngapi juzi na jana. Mpe maji, keti naye kidogo, kisha mwambie ageukie ubavu alale tena.