Habari za Mfanyakazi ni Amana

Kila mwaka wengine wetu humaliza masomo wakatoka hapa Gasenyi kwenda kutafuta kazi mjini Bujumbura, katika maduka, benki, hospitali na bandari. Afikapo mlangoni, mtafuta kazi huulizwa habari zake: jina, siku ya kuzaliwa, namba ya karangamuntu, mke na watoto, mahali akaapo, hesabu yake ya benki, na pengine cheti cha daktari. Yeye hujibu yote upesi, maana ana shida ya kazi. Ni wachache wanaojiuliza karatasi ile itawekwa wapi, na ni nani atakayeisoma. Jambo hilo ndilo nitakalo kulieleza.

Kwanza tusimwonee mwajiri. Hawezi kulipa mshahara bila kujua jina la mtu na hesabu yake. Tena ni lazima amwandikishe katika INSS, yaani taasisi ya usalama wa jamii, ili mfanyakazi apate pensheni akizeeka, au msaada akiumia kazini. Mtu asiyeandikwa popote ndiye anayeonewa zaidi, kwa sababu siku ya shida hana ushahidi kwamba alifanya kazi. Basi kuandika si kosa. Lililo muhimu ni kujua nini kinaandikwa, kwa sababu gani, na nani anakiona.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Vita Kuu ilichelewesha jambo hilo, lakini kufika mwaka 1920 sheria ilikuwa imeanza kazi. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipewa karatasi iliyoitwa kipande, naye alitakiwa kuwa nayo popote aendapo. Wengi waliitia katika kijaluba cha bati wakakivaa shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina lake, asili yake, alama za vidole, jina la mwajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara aliolipwa.

Msomaji huenda akaona kwamba hizo ni habari za kawaida tu. Lakini tazama zilivyotumika. Bwana asipotia sahihi kwamba amemwachilia mtu wake, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine kwa halali. Na akiondoka hivyo hivyo, alama za vidole zilisaidia kumtafuta, akatozwa faini au akafungwa. Tena bwana mpya alisoma mshahara wa zamani. Aliyekuwa akilipwa kidogo hakuwa na nguvu ya kudai zaidi, maana karatasi yake ilikuwa imekwisha kumsemea. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake waliupinga mpango huo pamoja na kodi na mishahara midogo. Thuku alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, wengi wakafa. Ni mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria nyingine ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Ubaya wa kipande haukuwa wino. Ubaya ulikuwa kwamba mwenye habari hakuwa na neno juu ya habari zake. Hakuulizwa kama anakubali, wala hakuweza kusahihisha kilichoandikwa vibaya. Tena kilichoandikwa kwa ajili ya kazi moja kilimfuata hata katika kazi nyingine.

Upo na mfano mwingine, wa kwa jirani zetu, unaoonyesha hatari ya kuandika lisilohitajiwa. Huko Rwanda, tangu miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji uliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake. Neno hilo liliachwa humo miaka mingi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walidaiwa vitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani, na neno lile moja likawa hukumu ya kifo kwa wengi. Aandikaye leo hawezi kujua nani atasoma kesho. Kwa hiyo lisilo na kazi heri lisiandikwe.

Siku hizi faili zimeingia katika kompyuta, na mahali pengine mfanyakazi huweka kidole kwenye mashine ndipo aingie kazini. Zamani mwizi wa siri alihitaji kuvunja kabati. Leo orodha nzima ya mishahara yaweza kupelekwa kwa simu kwa dakika moja, na ikiisha kwenda hairudi. Kwa sababu hiyo nchi zimetunga sheria: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Hapa kwetu Katiba ya mwaka 2018 inamtambulia kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Nalo Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mwongozo juu ya habari za wafanyakazi mwaka 1996, na mwaka 2010 likashauri kwamba mtu asilazimishwe kupimwa virusi vya UKIMWI wala kutaja hali yake ili apate kazi.

Ukiyachambua maagizo hayo, utaona yanakuja kwenye mambo machache. Uliza lile tu ambalo kazi inalihitaji, na umwambie mtu sababu yake. Muulize mwenyewe, usizunguke kwa majirani. Habari za ugonjwa zitengwe na faili nyingine. Kabati lifungwe, na kompyuta iwe na neno la siri lisilojulikana na ofisi nzima. Mfanyakazi aruhusiwe kuona yaliyoandikwa juu yake na kusahihisha makosa. Karatasi za walioomba kazi wasiipate zisitumiwe kufungia sukari wala karanga. Muda wake ukiisha, zichomwe.

Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Katika ofisi, kata ni karani. Yeye ajua nani ana deni, nani alikuwa mgonjwa, nani anakatwa mshahara kwa ajili ya watoto wa mke aliyeachana naye. Akiyapeleka hayo kwenye kilabu jioni, hakuna kufuli litakalowaokoa wenzake.

Ninyi kaka zetu mliotutangulia, ambao sasa mna wafanyakazi chini yenu, twaomba mfungue makabati yenu na kutazama ni karatasi ngapi hazina kazi tena. Na sisi tulio bado darasani tujifunze kuuliza kwa adabu tutakapopewa fomu: "Mzee, habari hii ni ya kazi gani?" Mwajiri mwema hatachukizwa na swali hilo, kwa kuwa jibu analo.