Mechi Ikiisha, Utarudi Nyumbani na Nauli Gani?

Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, linakuja kwetu mwaka 2027. Kenya, Uganda na Tanzania zitaliandaa kwa pamoja. Wengi wetu tunawaza tiketi na jezi, lakini kuna gharama moja ambayo husahaulika hadi kipenga cha mwisho: nauli ya kurudi.

Kwenda si shida sana, kwa sababu mashabiki hufika kidogo kidogo. Kurudi, maelfu wanatoka uwanjani kwa wakati mmoja na kila mtu anatafuta gari. Hapo ndipo nauli ya mia huwa mia mbili.

Wenzetu walifanyaje?

Kwenye Olimpiki ya London 2012, ukinunua tiketi ya mchezo wa jijini, ulipewa na kadi ya usafiri ya siku hiyo. Unalipa mara moja, umemaliza. Paris 2024 waliamua tofauti: tiketi moja ya metro ilipanda kutoka yuro 2.15 hadi yuro 4. Lakini bei hiyo ilitangazwa miezi kadhaa mapema, na wakazi wenye kadi za mwezi hawakuguswa. Iwe nafuu au ghali, shabiki alijua bei kabla ya kutoka nyumbani.

Na sisi je?

Matatu zetu ni za watu binafsi, na nauli hubadilika na saa, mvua na umati. Mpango wa mwaka 2014 wa kulipia nauli kwa kadi haukushika. Simu ndiyo iliyoshika. Kwa hivyo, jipange hivi:

• Tenga nauli ya kurudi mapema. Iweke kwenye akiba ya simu, na usiiguse hata soda ikikuita.

• Uliza nauli ukiwa steji, si gari likishang'oa.

• Lipa kwa namba iliyobandikwa ndani ya gari, na usome jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika.

• Usimpe konda simu yako. Mwonyeshe ujumbe wa malipo, inatosha.

• Chaji simu, na ubebe noti kidogo. Watu wakijaa, mtandao unaweza kulemewa.

Huna haja ya kungoja 2027. Anza na mechi yako ijayo pale Kasarani: kabla hujanunua tiketi, piga hesabu ya nauli, kwenda na kurudi.