Nani Ameiba Lundo Letu?

"Mjomba, nani ametuibia lundo letu?"

Ee, swali zuri hilo, mpwa wangu! Wengi huja na ndoo ya maganda, wakamwaga, wakaenda zao. Wewe umetazama. Tulipolipanga, lundo lilikufika kifuani: majani makavu, maganda ya ndizi, nyasi, samadi ya mbuzi. Leo linakufika magotini. Na hakuna aliyechota hata koleo moja.

Mwizi yumo humo humo ndani, tena si mmoja. Ni bakteria na kuvu. Ni wadogo mno, macho hayawaoni. Tuliwapa chakula, tukawanyunyizia maji, tukaligeuza lundo ili wapate hewa. Basi wakala, wakapumua, wakala tena. Wakila wengi kwa pamoja, joto hupanda. Katikati ya lundo lililopangwa vizuri hufika nyuzi joto 60. Chomeka kijiti kirefu, kiache kidogo, kichomoe, ukiguse. Utashtuka! Na kila apumuaye hutoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo lundo lako limepaa, mpwa wangu. Sehemu kubwa imekwenda hewani usiku na mchana, na nyingine imelainika ikashindiliana chini.

"Sasa wakila hivyo, udongo unapata nini?"

Tumwite anayejua. Nyungunyungu, hebu toka!

"Nimetoka," akasema Nyungunyungu. "Lundo likiwa la moto sisogei, nitaiva. Nasubiri lipoe. Meno sina, macho sina, ila tumbo ninalo. Nameza udongo pamoja na majani yaliyooza, navichanganya humo tumboni, kisha natoa vidonge vyeusi. Msicheke! Mchicha wenu unakipenda sana kinyesi changu."

"Na mboji ni ipi humo?"

"Umewahi kuosha sufuria ya wali? Walaji humaliza kwanza ule laini. Unaobaki ni ukoko, umeng'ang'ania chini, na kuubandua ni kazi. Mboji ndiyo ukoko wa ardhi. Ni mabaki magumu ya majani, na ni mabaki ya walaji wenyewe, maana nao hufa. Mengi hung'ang'ania chembe za mfinyanzi, na yakishang'ang'ania, hata mlaji mwenye njaa huyapata kwa shida."

Umemsikia? Mboji hiyo ndiyo inayoutia udongo weusi. Huyashika maji ya mvua yasipotee upesi. Hukishika chakula cha mimea kisisombwe. Udongo wa kichanga unaihitaji zaidi, kwa sababu mfinyanzi wake ni haba.

"Basi tukiweka mbolea vunde ya lundo hili tutani mara moja, tumemaliza?"

Hapana, mpwa wangu. Hata ikishaingia tutani, walaji wanaendelea: wanakula, wanapumua, wanakula tena. Katika kila toroli unayomwaga, ni sehemu ndogo tu itakayokaa miaka mingi. Na palipo na joto na unyevu, walaji hawapumziki kabisa. Ukilichimbua tuta kila mara, unawapelekea hewa na kuwafunulia chakula kilichojificha. Ndiyo maana mboji huongezeka polepole, msimu baada ya msimu.

Lakini usikate tamaa, nina kisa. Huko Uingereza, mahali paitwapo Rothamsted, kuna shamba la shayiri liitwalo Hoosfield. Mwaka 1852 walianza kutia samadi katika kipande kimoja, kila mwaka. Mwaka 1871 wakaacha. Mboji ilipungua haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha polepole zaidi. Zaidi ya miaka 100 baadaye wakapima udongo, na kipande kile bado kilikuwa na mboji nyingi kuliko kipande jirani ambacho hakikuwahi kupata mbolea yoyote. Waliobeba samadi ile walikuwa wamekwisha kufa wote! Kweli, kwao ni baridi, na walaji wa baridi ni wavivu. Kwetu isingedumu hivyo. Mimi hata hivyo kisa hicho kinanifurahisha kila nikikisimulia.

"Nitajuaje kama tuta letu linayo?"

Aa, sasa unauliza kama bwana shamba! Tafuta madongoa mawili yaliyokauka, moja la tutani, jingine la palipolimwa miaka mingi bila kulishwa kitu. Yawe ya udongo wa aina moja. Yatumbukize taratibu katika glasi mbili za maji, kisha tulia utazame. Lisilo na mboji huvunjika upesi, maji yakawa matope. Lenye mboji hushikamana kwa muda mrefu zaidi.

Na likivunjika la kwetu? Kabla ya mvua, tandaza mbolea vunde iliyoiva, unene wa vidole viwili, uichanganye juu juu tu. Msimu ujao rudia.

"Juu juu, nimesikia," akasema Nyungunyungu. "Na hilo jembe lako polepole, nina watoto humu."