Mgonjwa wa figo akianza kuweweseka, wa kwanza kuona ni muuguzi

Mwaka 2023 uliwapa matumaini wagonjwa wa figo wa Afrika Mashariki. Mwezi Mei, Hospitali ya King Faisal mjini Kigali ilianza kupandikiza figo, na Desemba ikafuata Mulago ya Kampala. Muhimbili ya Dar es Salaam ilikuwa imetangulia Novemba 2017. Kenya, yenye uzoefu mrefu zaidi, ndiyo iliyokabidhiwa na Jumuiya kituo cha umahiri cha figo na njia ya mkojo, kama Uganda ilivyopewa saratani na Tanzania moyo.

Hayo ni mambo ya madaktari bingwa na mashine. Anayekuwa na mgonjwa saa nane za usiku ni muuguzi, na mara nyingine ni mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi huyo anapaswa kujua kwamba figo zikishindwa kazi, aghalabu haziumi. Dalili hutokea kichwani.

Vitabu huweka figo katika sura moja na mishipa ya fahamu katika nyingine, lakini mwilini hakuna ukuta huo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, karibu zote zikarudi kwenye damu, ikabaki lita moja au mbili za mkojo. Kazi hiyo ikikwama, taka hubaki katika damu na kuufikia ubongo. Mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, husahau, na kwikwi haimwachi. Mwambie anyooshe mikono na kuinua viganja kama askari anayesimamisha gari: viganja vitadondoka na kupanda, vikipiga kama mbawa. Ndugu watasema amerukwa na akili, au kuna mkono wa mtu. Muuguzi aulize kwanza amekojoa kiasi gani tangu asubuhi.

Hata tiba ina mtego. Damu ikisafishwa kwa kasi siku ya kwanza, urea hutoka kwenye damu upesi kuliko inavyotoka ubongoni. Maji huingia ubongoni, nao ukavimba. Huanza kichwa kuuma, kichefuchefu na kutotulia, ikizidi, degedege. Ndiyo maana awamu za kwanza hufanywa fupi na za polepole, na ndiyo maana kichwa kinachouma mbele ya mashine hakitibiwi kwa kidonge cha maumivu peke yake.

Lakini mfano bora, kwa maoni yangu, uko wodi ya wazazi, tena katika hospitali yoyote kuanzia Gitega hadi Mombasa: kifafa cha mimba. Presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo, na ubongo hushikwa na degedege. Dawa yake, magnesiamu salfeti, ni ya bei nafuu. Utafiti wa Magpie uliochapishwa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ila dawa hiyo hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea, hurundikana, na kile kilichoutuliza ubongo huanza kulegeza misuli, hadi ile ya kupumua.

Kwa hiyo, kabla ya kila dozi inayofuata, muuguzi hukagua mambo matatu. Pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Mguu uruke goti linapogongwa. Mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, ukipimwa kwa saa nne zilizopita. Goti hunyamaza kabla pumzi haijakatika, na hapo ndipo penye nafasi ya kumwokoa mama. Kimoja kikikosekana, dozi husimamishwa na daktari huitwa. Pumzi zikikatika, mama husaidiwa kupumua na kupewa kalsiamu glukoneti, ambayo inatakiwa iwe karibu na kitanda, si stoo iliyofungwa na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani.

Vifaa vya kazi yote hiyo ni mpira wa mkojo, saa yenye mshale wa sekunde na nyundo ndogo.

Mipakani kuna ugumu mwingine. Wodi ya wazazi ya Kigoma humpokea Mrundi na Mkongomani bila kusubiri pasipoti, na huenda karatasi aliyokuja nayo mama imeandikwa kwa Kifaransa. Soko la Pamoja lilianza 2010. Kabla ya kujenga kituo kingine cha umahiri, ningependa kuona karatasi moja ya rufaa inayosomeka nchi zote, na wanafunzi wa uuguzi wakizoezwa kuijaza: dozi gani, saa ngapi, goti limeruka au la, mkojo mililita ngapi.