Kelele za Ekseli ya Nyuma ya Land Rover

Yafaa kusikiliza kabla ya kufungua

Tangu Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mjini Amsterdam mwaka wa 1948, gari hilo limepata sifa ya kustahimili njia mbaya. Mpaka leo ziko Land Rover za Series II, zilizoanza kutengenezwa mwaka wa 1958, ambazo zingali zikifanya kazi. Lakini chuma nacho huzeeka, na wenye magari hayo hulalamika mara kwa mara juu ya mlio utokao nyuma: pengine mvumo kama wa nyuki, pengine ngurumo, pengine mgongano wa chuma kwa chuma.

Wako mafundi ambao wakisikia mlio huo husema papo hapo ya kwamba difu imekwisha. Difu hufunguliwa na fedha nyingi hutumika. Kisha gari likirudi njiani mlio ni ule ule, kwa maana ubovu ulikuwa katika tairi au beringi ya gurudumu. Mwenye gari aweza kujiepusha na hasara hiyo, akijua ya kwamba kila kifaa kina sauti yake na wakati wake wa kulia.

Kupima njiani

Yafaa gari liendeshwe katika barabara tambarare isiyo na magari mengi, na mtu wa pili aketi nyuma asikilize. Kwanza, gari litoke katika lami liingie katika barabara ya murram. Ikiwa sauti yageuka mara njia inapogeuka, lawama ni ya matairi, hasa yale yenye meno makubwa ya matope.

Pili, dereva akanyage mafuta, kisha aachilie mguu bila ya kushika breki. Mvumo ambao huja mafuta yanapokanyagwa na kubadilika mguu unapoachiliwa, au kinyume chake, huwa ni wa gia kubwa na gia ndogo za difu, ambazo mafundi huziita kraun na pinioni, au wa beringi za pinioni.

Tatu, gari likate kona pana kulia na kushoto. Katika kona uzito huhamia upande wa nje. Kwa hivyo ngurumo inayozidi gari linapokata kushoto huonyesha ubovu wa beringi ya gurudumu la kulia. Mlio usiosikika katika njia iliyonyoka, bali katika kona tu, aghalabu hutoka katika gia ndogo zilizomo ndani ya difu.

Mgongano mmoja, "ko!", wakati wa kuondoka au kubadili gia, kwa kawaida hutoka katika krosi za propela zilizolegea. Lakini difu iliyolika sana nayo hugonga hivyo.

Kupima gari likiwa limesimama

Hapa pana hatari ambayo imewapata wengi. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu yenyewe, hushika propela. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliacha lile lililo chini lizunguke, na gari huweza kuteremka jeki ingawa breki ya mkono imevutwa. Ni lazima magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo au mawe mbele na nyuma, wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Gari likisha kuwa imara, gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi zimelegea au zimelika. Likizungushwa polepole na mkono ukasikia mkwaruzo, beringi hizo hazifai tena. Krosi za propela nazo zitikiswe kwa mkono. Zisiwe na nafasi yoyote.

Kisha mafuta ya difu yatazamwe, gari likiwa mahali tambarare na limepoa. Yapasa yafike kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Ekseli hii huchukua painti 3, yaani kiasi cha lita 1.75, za mafuta ya gia ya namba 90 EP. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji, jambo la kawaida kwa gari livukalo mito. Mafuta yenye vipande vya meno ya gia ni onyo kwamba gari lisiendeshwe tena mpaka difu itengenezwe. Tundu dogo la kupumulia, lililo juu ya ekseli, lisafishwe; likiziba, mafuta husukumwa nje kupitia sili.

Matengenezo

Beringi za gurudumu zilizolegea tu huweza kukazwa, na nafasi iachwe ya milimita 0.10 hadi 0.15. Zilizolika hubadilishwa pamoja na vikombe vyake na sili mpya. Kabla ya kufungua propela, yafaa kutia alama ili irudishwe kama ilivyokuwa.

Difu ndiyo kazi kubwa. Kraun na pinioni husagwa pamoja kiwandani, nazo ni kama mume na mke: haifai kununua moja na kuioza kwa nyingine kuukuu. Nafasi baina ya meno yao ni milimita 0.20 hadi 0.25, na fundi asiye na chombo cha kupimia asipewe kazi hiyo.

Wengi hununua difu nzima iliyotumika. Hapo yapasa kuhesabu. Katika difu ya Series II propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu ya Range Rover za zamani hufanana nayo na huingia mahali pale pale, lakini hesabu yake ni 3.54. Ikitiwa nyuma peke yake, siku gari litakapotiwa gia ya magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zitashindana mpaka kimoja kivunjike.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Beringi iliyoachwa inguruma huweza kuachilia gurudumu njiani, na difu iliyokauka mafuta huweza kukwama ghafula na kuyafunga magurudumu ya nyuma gari likiwa katika mwendo. Saa moja ya kusikiliza na painti chache za mafuta ni gharama ndogo ikilinganishwa na hayo.