Hovakrafti ya Uani

Hovakrafti ni chombo kinachosafiri bila kugusa kinachopita juu yake. Feni husukuma hewa chini ya sakafu, sketi ya turubai huizunguka hewa hiyo isitoroke upesi, na chombo kizima huinuka kikakaa juu ya godoro la hewa. Kikishainuka hakina gurudumu la kuzama wala mkuku wa kukwama kwenye mwamba. Hutoka kwenye saruji kikaingia kwenye nyasi, tope na maji bila dereva kubadili chochote. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na hapohapo ndipo matatizo yake mengi yanapoanzia.

Chanzo chake ni cha jikoni. Mwaka 1955 Christopher Cockerell, mhandisi Mwingereza aliyekuwa na biashara ndogo ya boti, alichukua kopo la chakula cha paka akalitia ndani ya kopo la kahawa, akapuliza hewa katika uwazi uliobaki baina ya makopo hayo mawili, kisha akapima msukumo wake kwa mizani. Hewa iliyotoka kama pete ilikandamiza mizani kuliko hewa iliyopulizwa kupitia kopo moja tupu. Tarehe 25 Julai 1959, chombo kilichoitwa SR.N1, kilichoundwa na kampuni ya Saunders-Roe, kilivuka mlango wa bahari kutoka Calais hadi Dover. Sketi ya mpira, wazo la mhandisi mwingine aitwaye Cecil Latimer-Needham, ilipoongezwa baadaye ndipo hovakrafti ilipoweza kuvuka mawimbi na vikwazo vya maana. Afrika iliionja mapema: mwaka 1969 msafara wa Waingereza uliondoka Dakar na hovakrafti aina ya SR.N6, ukapita mito ya Afrika Magharibi na Ziwa Chad hadi Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 8,000. Ng'ambo ya bahari yetu, huko Madagaska, shirika la misaada la HoverAid limetumia vyombo hivi kufikia vijiji ambavyo mito yake haina kina cha kutosha boti.

Pwani ya Dar es Salaam nayo ina mahali pa namna hiyo. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kunduchi, Ununio na Mbweni upande wa Kinondoni, au Mtoni na Kijichi upande wa Temeke, maji yakitoka huacha uwanda wa mchanga na tope ambao si wa boti wala si wa bodaboda. Ngalawa hulalia ubavu zikisubiri maji. Mtu anayekwenda kwa miguu huzama hadi muundi, na kandambili hubaki chini. Huko Uingereza, mji wa Ryde una ufuko wa aina hii, unaoachwa mkavu hadi mbali kiasi kwamba watu wa zamani walijenga gati la zaidi ya nusu kilomita ili meli zifike. Hovakrafti za abiria zimekuwa zikihudumia mji huo tangu mwaka 1965, na hupanda ufukweni zenyewe bila kuhitaji gati.

Kinachowashangaza wengi ni udogo wa nguvu inayohitajika kuinua. Chukua hovakrafti ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 1.5. Pamoja na injini, mafuta na dereva, ina uzito wa kilo 195 hivi. Uzito huo ukigawanywa kwa eneo la mita za mraba 3.75, kila mita ya mraba inabeba kilo 52 tu. Mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa mguu mmoja anaikandamiza ardhi zaidi ya mara 60 ya hapo. Ndiyo maana tope linalommeza mtembea kwa miguu halioni kitu hovakrafti inapopita. Juu ya maji hesabu inapendeza zaidi: shinikizo hilo huyabonyeza maji kama sentimita 5.2, na ukizidisha kina hicho kwa eneo la chombo unapata lita 195. Ni kanuni ileile ya Archimedes ya darasani, isipokuwa hapa ngalawa yenyewe ni hewa.

Kwa kuwa hewa huvuja bila kukoma chini ya upindo wa sketi, feni lazima ijazie kinachopotea. Upenyo ukiwa wa sentimita 1 kuzunguka chombo chote, nguvu farasi 2 hivi zinatosha. Upenyo ukifika sentimita 2, nguvu inayotakiwa nayo inakuwa maradufu. Kwa hiyo injini ndogo ya petroli ya nguvu farasi 6.5, ileile inayofungwa kwenye pampu za maji za bustanini, inainua chombo hiki na kubaki na akiba.

Anayetaka kuamini kabla ya kutumia fedha anaweza kuanza na duara la plaiwudi lenye kipenyo cha mita 1.2. Karatasi nene ya nailoni hutandikwa chini yake, ikabanwa pembezoni na katikati, ikatobolewa matundu machache kuzunguka kitovu. Bulowa ya kupulizia majani huingizwa kwenye tundu la juu. Mtu mzima akikaa juu yake kwenye sakafu laini, mtoto anaweza kumsukuma kwa kidole. Kwenye kokoto au mchanga wa uani kifaa hicho hakifai kitu. Nailoni huchanika dakika ya kwanza.

Chombo halisi huanzia kwenye bodi, na hapo adui ni uzito. Plaiwudi nzito ya milimita 18 inayotumika kufungia zege, ambayo mafundi huiita marine bodi, huvutia kwa sababu haiogopi maji na mabaki yake hupatikana kila palipomwagwa jamvi. Lakini shiti moja ya sentimita 122 kwa 244 inakaribia kilo 32. Plaiwudi nyepesi ya milimita 4, ikiungwa kwa mbao nyembamba chini na kupakwa rezini, haizidi kilo 6 au 7 kwa shiti. Kosa la mjenzi mgeni ni kudhani kwamba chombo imara lazima kiwe kizito. Kila kilo inayoongezwa kwenye sakafu inaombwa tena kwa injini.

Chini ya sakafu au pembeni huwekwa sponji ngumu nyeupe, ileile inayokuja na friji mpya, ili injini ikizimika baharini chombo kielee kama boya. Hapa pana mtego unaofaa kutajwa kwa urefu. Mafundi wa faiba wa Dar es Salaam, wanaotengeneza bampa za magari na boti, wamezoea rezini ya polyester. Ni ya bei nafuu, harufu yake inajulikana mtaa mzima, na ikichanganywa na dawa yake hukauka haraka. Ikimwagwa juu ya sponji ile nyeupe, haikauki vizuri wala haishiki: sponji huanza kuyeyuka, ikatoboka mashimo kama sukari iliyodondoshewa chai, na baada ya dakika chache palipokuwa na bamba nene panabaki utando unaonata. Dawa yake ni kutumia epoksi, ambayo haili sponji, ingawa bei yake ni kubwa na hukauka taratibu zaidi. Kipande kidogo cha kujaribia pembeni kinaokoa kazi ya wiki nzima.

Kwa upande wa mafundi, viunga vya jiji havina upungufu. Mchomeleaji wa madirisha na mageti anaweza kuunda fremu ya injini. Fundi bodaboda anajua kabureta na cheni kuliko vitabu vingi. Fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine hutengeneza shafti na nyumba za beringi, na maturubai ya malori yana washonaji wake. VETA Chang'ombe hufundisha nyingi ya kazi hizi, na SIDO ipo kwa ajili ya viwanda vidogo. Kinachokosekana kwa kawaida ni nafasi. Nyumba nyingi za Mbagala au Bunju hazina banda la gari lenye paa. Gari hulala uani. Pagale la jirani lililofika usawa wa lenta ndilo hugeuka karakana, na kazi ya rezini husimama mvua za masika zikianza, kwa sababu unyevu haupatani nayo.

Injini ya pili ni ya kusukuma mbele. Injini ya bodaboda ya sentimita za ujazo 150 hutoa nguvu farasi kama 12 hadi 15, na vipuri vyake viko kila kona. Tabu ni kwamba imezoea kupozwa na upepo wa mwendo. Ikikaa mahali pamoja ndani ya chombo huchemka, hivyo hufungwa mahali ambapo hewa ya feni inapita juu ya mapezi yake. Nguvu hupelekwa kwenye feni ya nyuma kwa mkanda au cheni. Feni hiyo huzungushiwa pete, na uwazi baina ya ncha za mapanga na pete huwa wa milimita chache tu, kwa sababu hewa inayorudi nyuma kupitia uwazi huo ni nguvu iliyopotea.

Kiswahili hakikukosea kuyaita mapanga. Feni ya sentimita 60 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha zake zinakwenda kilomita kama 340 kwa saa. Kokoto moja ikinyonywa inatosha kulivunja panga, na kipande chake kikatoka kama risasi. Wavu wa chuma mbele na nyuma ya feni hauna mjadala, na wakati wa kuwasha hakuna anayeruhusiwa kusimama ubavuni, usawa wa mapanga. Watoto wa mtaani, ambao watajaa tu, hukaa nje ya geti.

Sketi ndiyo inayotenganisha chombo kinachofanya kazi na mapambo ya uani. Iliyo rahisi ni ya mfuko mmoja, kama mpira wa ndani ya tairi uliozunguka chombo, wenye matundu ya kupeleka hewa chini. Ni rahisi kushona, lakini ikichanwa na chaza mahali pamoja, upande huo wote hushuka. Iliyo bora ni ya vidole: vipande vingi vidogo vilivyo wazi kwa chini, vinavyobanana vinapojaa hewa. Kidole kimoja kikichanika, jirani zake hutanuka na kuziba pengo, na kipya hufungwa kwa dakika chache. Kazi ya kukata vipande vingi vinavyofanana inachosha, na kiolezo kimoja kikikosewa kwa sentimita moja kosa hilo hurudiwa kuzunguka chombo chote. Turubai laini hufaa kuliko lile gumu la lori, ambalo hukataa kukunjika na huacha hewa ivuje penye mikunjo.

Kabla ya kuwasha chochote, chombo hupimwa mizani yake. Hulazwa juu ya bomba la chuma huku dereva akiwa amekaa mahali pake, na betri na tangi husogezwa mpaka kitulie katikati. Pua nzito ni hatari kuliko mkia mzito, kwani kwa kasi sketi ya mbele hukunjika chini ya chombo na pua huchota maji ghafla.

Kuendesha kunahitaji kusahau gari. Usukani hugeuza mabamba yaliyo nyuma ya feni, na mabamba hugeuza pua. Lakini chombo chenyewe huendelea kuteleza kilikokuwa kikienda mpaka msukumo mpya ukishinde. Kona huanza kukatwa mapema sana, kwa subira. Breki hakuna. Anayetaka kusimama hupunguza hewa ya kuinua ili chombo kikae chini, jambo linalofanyika taratibu, kwani kukiangusha ghafla kikiwa kasini kunaweza kukipindua. Upepo wa kusi ukivuma kutoka ubavuni hukisukuma chombo kizima kama mfuko mtupu, kwa hiyo majaribio hufanywa alfajiri kabla bahari haijaamka.

Juu ya maji kuna kizingiti kingine. Chombo kinapoanza mwendo hujitengenezea wimbi mbele yake, na kwa ukubwa huu upinzani hufika kilele kwenye kilomita 10 hivi kwa saa. Chenye msukumo wa kutosha hulipanda wimbi hilo, kikalishinda, na ghafla kinakuwa chepesi. Kisicho nao hubaki kikilisukuma wimbi huku injini ikilia na maji yakirukia feni. Mjenzi aliyefurahia kuelea kwenye saruji ya uani mara nyingi hukutana na ukweli huu mara ya kwanza Kunduchi, na tiba yake ni kupunguza uzito au kuongeza injini.

Kelele ni suala la ujirani. Feni mbili zikifanya kazi uani husikika mitaa kadhaa, na malalamiko ya kelele yanaweza kufika hadi NEMC, baraza la mazingira. Chombo kikishaingia majini kinakuwa chini ya TASAC, inayosimamia usalama na usajili wa vyombo vya majini, na jaketi okozi si la hiari. Mikoko ni hifadhi ya msitu. Sketi ikipita juu ya miche hufagia kila kitu. Vilevile uwanda wa maji kupwa una wenyewe: kina mama wanaookota chaza, nyavu zilizotegwa, mashua zilizolazwa. Jaribio la kwanza hufanywa karibu na nchi kavu, maji yakiwa yanaanza kujaa, kwa sababu chombo kikizimika maji yanayojaa hukirudisha ufukweni, na maji yanayotoka hukipeleka Zanzibar.

Kikirudi nyumbani huoshwa kwa maji baridi siku hiyohiyo, kuanzia ndani ya sketi ambamo mchanga hujificha ukikata nyuzi. Beringi hupakwa grisi, na mapanga hupapaswa kwa kidole, injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, kutafuta nyufa.